Chuma Hakisikii Labda

Kufikia Karurumo, Ntinyari alikuwa ameshabadilisha gari Runyenjes na kuzunguka kilima baada ya kilima mpaka hakujua tena mlima uko upande gani. Akashuka, akasimama kando ya barabara huku ameficha mikono kwapani kama mtu anayesikia baridi, ingawa jua lilikuwa linachoma mabati ya maduka. Hakuwahi kufika mahali hapa. Kiembu cha wapita njia kilimpita masikioni kama wimbo anaoujua unaoimbwa na kwaya ya kanisa jingine: maneno yake, lakini yamekaa mahali pengine.

Alimwendea mwanamume mmoja aliyekuwa akipanga maparachichi juu ya gunia.

"Habari yako, baba. Naulizia kwa Njuki, yule fundi wa chuma."

"Unataka panga? Ziko hapo dukani, za China, mpya kabisa. Za Njuki zitakuchosha kunoa."

"Sitaki panga."

"Jembe?"

"Wala jembe."

Mwanamume yule akaacha kupanga maparachichi. Akamtazama uso, akautazama mdomo wake mdogo uliovutwa, akaangalia chini. "Basi unataka ile kazi ingine," akasema. "Shuka na hii njia mpaka kanisa la mabati, halafu fuata kelele. Na mama, mimi sijakuonyesha. Umepata mwenyewe."

Mtu aliyezunguka bara hili atakuambia kwamba hakuna watu wanaofua chuma wasiomwogopa anayekifua. Ethiopia humwogopa mhunzi kwa jicho lake. Mali humwita asuluhishe ugomvi, kwa sababu hakuna anayetaka kubaki na deni la maneno mbele yake. Hapa chini ya Mlima Kenya, kwa Wameru na Waembu na Wambeere, anaitwa muturi, na kinachoogopwa ni nyundo yake. Akipiga chuma chekundu huku akitaja jina lako, hiyo ni kirumi, laana, na huhitaji kufasiriwa lugha yoyote ili uielewe.

Ntinyari alikuwa Mmethodisti, mwimbaji wa sauti ya pili. Wenzake wa kwaya aliwaambia anakwenda mazishini upande wa Embu. Alipokuwa akishuka ile njia, vumbi jekundu likimpanda sketi, aliona kwamba hakuwa amedanganya sana. Alikuja kumzika mtu, ila mtu mwenyewe alikuwa bado anakula nyama choma Meru mjini.

Mtu huyo aliitwa Salesio Mutembei.

Kabla ya Salesio, Ntinyari alikuwa na maisha, na yalikuwa maisha mazuri. Alijifunza kushona kwa masista alipokuwa msichana, akateremka mjini na cherehani ya miguu, akapanga chumba Majengo, nyuma ya msikiti. Majengo ni mtaa wa watu waliotoka kila mahali wakasahau kurudi, na fundi cherehani hahitaji kujua mtu alikotoka, anahitaji vipimo vyake tu. Akashona kanzu za wachinjaji, buibui za wake zao, na sare za watoto wa shule za kanisa. Mumewe, Muthamia, alikuwa dereva wa lori la Isiolo, mcheshi, mpenda hadithi, na alipofariki alimwachia hadithi zake zote na redio. Sifa ya Ntinyari ilikuwa tundu za vifungo. Alizifuma kwa mkono, uzi juu ya uzi, ndogo, safi, zisizotatuka hata shati likichakaa. Shekhe mmoja aliwahi kusema kwamba shati la Ntinyari likifa, matundu yake hubaki yakilia.

Halafu Salesio alinunua kiwanja nyuma ya ukuta wake, akafungua karakana ya kupaka magari rangi.

Ilikuwa miaka ile pikapu za miraa zilipokuwa zikishuka kutoka Maua kwa mwendo wa kichaa na kurudi zimekwaruzwa ubavu, kwa hiyo kazi haikukosekana. Asubuhi kompresa iliunguruma, mchana rangi ilipulizwa uwanjani bila paa, na mvuke wa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ukapanda ukuta kama paka, ukaingia kwa dirisha la Ntinyari, ukalala juu ya vitambaa. Wateja wakaanza kunusa sare za watoto wao na kuuliza kama zimefuliwa kwa petroli. Kichwa kikamuuma, macho yakamtoka machozi. Alikwenda kumwona Salesio kwa heshima zote.

"Baba, ungeweka hata turubai. Au upake rangi ndani."

Salesio alikuwa mnene, mwenye cheko la karibu, mtu anayewapa vijana wake chai kabla ya kunywa yeye. Alimwekea kiti. "Mama fundi, unasikia harufu gani?"

"Ya thina. Inaniua."

"Hiyo si harufu. Hiyo ni pesa inapumua." Vijana wakacheka. "Na ikikusumbua sana, vyumba viko Makutano, vina hewa ya mlima. Nitakupa gari la kuhamisha, bure kabisa. Sisi ni majirani."

Hakuhama. Chumba kile ndicho wateja walichokijua, na fundi akihama hurudi kuwa mwanagenzi. Akafunga dirisha. Mvuke ukaingia kwa paa.

Mwezi wa Julai mmoja, wakati Meru yote imejifunika sweta, vidole vyake viligeuka vyeupe kama chaki, kisha bluu, kisha vikarudi vikiwaka moto. Akadhani ni baridi. Julai ikapita, baridi ikabaki vidoleni. Ngozi ya mikono ikaanza kung'aa na kukaza, kama ngozi ya mbuzi inayokauka juu ya ngoma, mpaka akashindwa kukunja ngumi. Sindano ikawa inamponyoka. Uso ukalainika, mikunjo ikafutika, na wanawake wa kanisa wakamsifu kwamba amekuwa kijana, kisha wakaanza kunong'ona kwamba anajichubua. Mwisho ukaja mdomo. Ulijivuta polepole kutoka pembeni, uzi juu ya uzi, mpaka hakuweza kuuma hindi la kuchoma wala kufungua kinywa kwa noti ya juu. Alijitazama kwenye kioo cha wateja akaona kazi ya mikono yake mwenyewe: tundu la kifungo, lililofumwa likakazwa mno.

Daktari aliyemwambia ukweli alikuwa binti wa Kisomali, Hinda Billow, mwenye hijabu ya kijivu na Kimeru kizuri kuliko cha makarani. Aliushika mkono wa Ntinyari kama mtu anayeshika yai.

"Mama, unavuta nini?"

"Sivuti sigara, daktari. Wala tumbaku."

"Sikuuliza sigara. Unavuta hewa gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Walikuwa wamemuuliza anakula nini, amemkosea nani, mafuta gani anapaka. Ntinyari akasimulia ukuta, kompresa, thina, miaka. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza.

"Unajua mbwa wa mashamba ya miraa kule Igembe? Wanalinda usiku. Mwenye shamba akipita hawabweki, kwa sababu wanajua harufu yake. Mwili wako nao una mbwa. Sasa kuna mvuke wa kemikali, ukivutwa miaka mingi, unaweza kuingia mpaka ndani kabisa na kubadilisha harufu ya nyama yako mwenyewe. Mbwa wakinusa wanaona mgeni. Wanakuuma wewe, mwenye shamba. Wanauma ngozi, wakiachwa wanauma mapafu."

"Kwa hiyo ni Salesio."

Hinda aliuachia mkono wake. "Watu wanaofanya kazi na dawa za namna hiyo hupata ugonjwa huu zaidi kuliko wale wasiofanya. Hilo tunalijua. Lakini kuna waliovuta maisha yao yote wasipate kitu. Kuna damu ya ukoo pia. Kwenu hakuna mtu aliyefura viungo?"

"Shangazi. Alikufa akiwa hawezi kushika kijiko."

"Unaona. Ni mbegu na udongo. Thina inaweza kuwa imechangia. Pengine. Siwezi kuapa."

Kiswahili ni tajiri wa shaka. Kina labda, kina huenda, kina pengine, kina yamkini, kina yawezekana, na mchana ule daktari alizitumia zote, kwa upole, kama mtu anayemvisha mgonjwa shuka moja juu ya nyingine. Alimpa dawa za kutuliza mbwa. Zilisaidia mapafu. Vidole havikurudi. Ntinyari akaenda kwa wakili, naye akasikiliza akatikisa kichwa. "Mama, kwa labda hakuna jaji atakayemfunga hata kuku."

Ndipo hadithi moja ya Muthamia ilipomrudia, ya mzee mmoja mfua chuma Karurumo, aliyegonga chuma mara moja na mwizi akarudisha mbuzi akilia njia nzima. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Ntinyari alikaa mbele yake siku nyingi akisikia kompresa ikiunguruma ng'ambo ya ukuta, na kila ilipounguruma alijua anachotaka. Kupona alikuwa ameacha kuomba. Alitaka Salesio naye aamke asubuhi moja akute mwili wake hautaki kumtambua.

Kelele ikamfikisha. Kilikuwa kibanda kisicho na ukuta wa mbele. Mzee Njuki alikuwa mfupi, mikono mirefu, nyusi zimeungua zikabaki alama. Mkewe, aliyeitwa Mama Gitari, alikuwa ameketi kwenye mivukuto akimenya maharagwe mabichi, mguu ukipuliza moto bila yeye kuutazama.

"Karibu," Njuki akasema. "Umetembea vibaya. Kiatu au njia?"

"Ni miguu, mzee. Inakaza."

"Kaa. Wewe ni Mmeru. Hamna wahunzi huko kwenu, ama wote wamekuwa walimu?"

"Wamekuwa wachungaji."

Mama Gitari akacheka puani. Njuki pia. Kisha akaweka nyundo chini. "Sema."

Ntinyari akatoa mikono kwapani, akaiweka juu ya magoti, mahali wote wawili wangeiona. Akasema yote. Alipomaliza, mivukuto ilikuwa imesimama.

"Unataka nini?" Njuki akauliza.

"Nataka umpige. Jina lake ni Salesio Mutembei. Nataka ngozi imkaze, mdomo umzibe, na hiyo tumbo ikose mahali pa kupitishia nyama."

"Yeye ndiye alikufanya hivi?"

"Ndiye."

"Nani alikuambia?"

"Daktari."

"Daktari alisema nini? Sema vile alisema, usitengeneze."

Ntinyari alitazama mikono yake. Ulimi ulijua jibu, mdomo haukutaka kulipitisha. "Alisema labda."

Njuki akapumua kwa pua. "Hapo sasa. Hiyo chuma haisikii labda. Nikipiga na jina la mtu, lazima iwe alifanya. Kama hakufanya, kirumi inageuka, inatafuta mwenye aliituma. Yeye mwenyewe hiyo rangi si anavuta kukuliko?"

"Anavuta. Amenenepa."

"Na vijana wake?"

"Mmoja anakohoa. Lakini wote hukohoa."

"Na hiyo damu ya shangazi yako?"

"Basi nimlaani na shangazi?" Sauti yake ilipanda. "Nimchimbue?"

"Laana ni moja, mwari," Mama Gitari akasema bila kuinua macho kutoka kwa maharagwe. "Ukiigawa, kila mtu anapata mafua tu."

Ntinyari akainuka. Alikuwa ametoka mbali mno kuja kusikia maneno ya wakili kutoka kwa mtu asiye na suti. "Mzee, piga. Na ikigeuka, irudi. Itanikuta nyumbani. Itanifanya nini ambacho hakijafanywa? Kuna mbwa ndani yangu wananila mchana na usiku, wataongezeka wawili. Piga."

"Wewe unaweza kusema hivyo. Lakini ikirudi kwako inapitia kwangu. Mimi ndio mlango." Njuki akaokota koleo, akalitazama, akaliweka. "Na sina haraka ya kufa kwa sababu ya rangi ya pikapu. Keti. Wacha ugonjwa. Niambie huyo mtu. Ile kitu aliifanya, ukaiona na macho yako."

"Alinicheka."

"Nikipiga kila mtu anacheka, Embu itabaki na ng'ombe."

"Nilimwomba turubai akakataa."

"Mtu anaweza kukataa. Ni uwanja wake."

Moto ulikuwa unafifia. Ntinyari alitazama makaa yakivaa majivu, na kitu alichokuwa amekiacha kando kwa sababu kilionekana kidogo mbele ya ugonjwa kikainuka chenyewe.

"Wateja wake walilalamika," akasema taratibu. "Wakikaa kungoja magari yao, mvuke uliwachoma macho. Mmoja, mtu mkubwa wa miraa kutoka Maua, alimwambia hataleta tena gari. Basi Salesio akanunua feni. Kubwa, ya chuma, ya kufungwa ukutani. Akapanda ngazi mwenyewe, hakumtuma kijana. Akaifunga boliti. Kisha akachungulia juu ya ukuta kupima itapuliza wapi, akanikuta dirishani kwangu nimeshika sindano. Akaigeuza kidogo, kwangu moja kwa moja. Akakaza."

"Alikuona?"

"Aliniona. Akaniamkia. Akasema, habari ya asubuhi, mama fundi."

Mama Gitari aliweka chini maharagwe.

"Kwa hiyo alijua hiyo kitu ni mbaya kwa watu," Njuki akasema. "Akaitoa kwa watu wake akakupatia wewe. Akikuangalia."

"Ndiyo."

"Labda?"

"Hapana. Hakuna labda."

"Basi hiyo ndiyo."

"Hiyo nini? Feni?" Ntinyari alicheka, na kucheka kulimuuma pembe za mdomo. "Mimi nimepoteza mikono, wewe unanipa feni?"

"Nakupa kile ulileta. Ungeleta kingine ningepiga kingine."

Ntinyari akarudi kuketi. Alipima: upande huu mikono yake, mdomo wake, noti za juu, matundu yote ambayo hayatafumwa, upande ule feni. Haikutosha. Ilikuwa kama kulipwa yai kwa ng'ombe. Lakini yai lilikuwa lake, hakuna daktari wala jaji wa kuliwekea huenda, na alipolishika moyoni alihisi kwamba ni zito, na kwamba linaweza kurushwa.

"Piga," akasema.

Mama Gitari akapuliza. Njuki akachagua kipande cha nondo, akakilaza katika makaa mpaka kikawa na rangi ya papai lililoiva. Mlalamikaji sharti ashike nyundo pamoja na mhunzi, na vidole vya Ntinyari havikuweza kuuzunguka mpini. Basi Mama Gitari akachana ukingo wa leso yake, akamfunga mkono kwenye nyundo, fundo la kubana, kama anayefunga mtoto mgongoni. Mkono mrefu wa Njuki ukaja juu yake, mgumu, wa moto.

"Sema vile ulisema. Usiongeze."

"Salesio Mutembei alijua mvuke wake ni sumu. Akautoa kwa wateja wake, akanigeuzia mimi, akiniona, akiniamkia. Aliyonigeuzia yamgeukie."

Nyundo ikashuka. Maumivu yalimpanda mpaka begani, cheche zikamrukia sketi, na ncha ya nondo ikajipinda kama kidole kinachomwita mtu. Hakulia. Alitaka nyingine, mkono wake ukainuka wenyewe, lakini wa Njuki ukauzuia.

"Moja inatosha. Ya pili ni hasira."

Njuki hakukizima kwa maji. Alikilaza juu ya jiwe kipoe kwa upepo, kwa sababu, alisema, kosa lenyewe lilikuwa la upepo. Mama Gitari alipomfungua mkono, Ntinyari akanyoosha leso yake kukifunga akichukue. Alikuwa ameshaona mahali pake: juu ya lango la karakana, mbele ya pikapu zote.

"Hiyo inabaki hapa," Njuki akasema.

"Ni yangu."

"Ni yake. Mtu akija mwenyewe, akisimama hapo uliposimama, akisema kile alifanya, nairudisha kwa moto, nainyoosha. Ndiyo sheria, na niliapa kutunza chuma kama hiyo."

"Usiinyooshe."

"Si yako kukataa. Ulikuja kwa muturi, hukuja kwa mganga wa Kibugu, mwenye anaroga kwa pesa tu."

"Na asipokuja?"

"Itashika kutu. Na yeye nayo."

"Atajuaje aje?"

"Lazima asikie. Laana mwenyewe hajasikia ni kelele ya chuma tu."

Hapo Ntinyari alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Runyenjes, kadiri mdomo ulivyoruhusu. "Atasikia. Kuna rafiki yangu Sharifo, anauza maziwa mtaa mzima. Nitamwambia ni siri." Akamfikiria Salesio, mnene, mwenye cheko, akiamka usiku kujipapasa mikono, akitoka nje kuitazama feni na kuogopa kuishika. Akamfikiria akiuma nyama na kusimama katikati kusikiliza mdomo wake. Pengine hatapata ugonjwa kamwe. Sasa ile pengine ilikuwa imehamia kwake, alale nayo yeye.

Mama Gitari akamletea maji ya kunywa.

"Nitilie chumvi kidogo, mama," Ntinyari akasema. "Koo langu ni kavu. Hao mbwa wamekula hata mate."

Akaletewa chumvi. Akaikoroga kwa kidole, akachukua funda, akalizungusha kinywani. Kisha akainama juu ya lile jiwe, polepole, magoti yakilalamika, akalitema lote juu ya nondo. Chuma kilikuwa bado na joto, kikanong'ona.

Njuki akamtazama. "Kwetu mtu akitemea kitu mate, amekibariki."

"Kwetu pia, mzee. Lakini haya yana chumvi."

Akawashukuru wote wawili kwa heshima, akarudisha mikono kwapani, akaanza kupanda njia. Hakugeuka. Kutoka kibandani walimwona mpaka kanisa la mabati, mwanamke mwembamba aliyenyooka kama aliyebeba debe kichwani, kisha kichaka cha migomba kikamficha.

Mama Gitari alikuwa amesimama juu ya jiwe. Maji yalikuwa yamekauka, yakaacha ukungu mweupe kwenye pindo la chuma.

"Utaifuta kabla chumvi ilete kutu?" akauliza.

Njuki akainama akaitazama kwa muda mrefu, akitafuta kwapani mwake kitambaa ambacho hakikuwepo.

"Niliapa kuitunza," akasema. "Sikuapa kuikausha."

Akaichukua kwa koleo, akaiweka rafuni, upande unaopigwa na mvua.